Saa ya Kumbukumbu: Umkabidhi Nani?

Maelezo yaliyotolewa kwa walaji wa Manispaa ya Iringa



Katika mikutano ya elimu kwa mlaji tumezoea kuzungumzia bidhaa zinazogusa mfuko wa kila kaya: mbegu na mbolea, saruji, mafuta ya kula, vifaa vya umeme. Leo tunazungumzia kitu kidogo kinachovaliwa mkononi, nacho ni saa. Wala si kila saa. Saa ya bei nafuu iliyonunuliwa mezani pale Miyomboni ikigoma kutembea, mwenyewe hupiga hesabu akaona ni heri anunue nyingine, na hesabu yake ni sahihi. Tunayoizungumzia ni ile ambayo mwenyewe hawezi kuinunua tena hata akiwa na fedha: saa aliyoiacha marehemu baba, saa aliyokabidhiwa mtumishi siku ya kustaafu ikiwa imechongwa jina lake mgongoni, saa ya zawadi ya harusi ambayo mtoaji wake hayupo tena.

Saa ya namna hii ina thamani mbili. Sokoni pengine haifikii bei ya mbuzi mmoja. Nyumbani haina bei. Tofauti hiyo ndiyo iliyotufanya sisi watumishi wa Tume ya Ushindani, ambayo wengi mnaifahamu kwa kifupi kama FCC, tuitengee mada yake. Sheria inapomfidia mlaji huipima hasara yake kwa bei ya sokoni zaidi kuliko kwa uchungu alio nao. Mtu aliyebadilishiwa mashine ya saa ya baba yake anaweza kushinda madai yake na kulipwa hadi senti ya mwisho, na bado akarudi nyumbani bila kile alichokifuata. Ndiyo maana katika jambo hili sehemu kubwa ya ulinzi wa mlaji iko kabla ya saa kutoka mkononi mwake, na sehemu kubwa ya maelezo yetu itakuwa huko.

Watu wengi huanza kwa kuuliza ni fundi yupi mwenye bei nzuri, au ni duka lipi kubwa. Sisi tungependa muanze na swali jingine: je, unataka nini kibaki kama kilivyo? Tuchukue mfano wa ndugu wawili waliorithi saa mbili zinazofanana. Wa kwanza anataka kuivaa kazini na kuwahi vikao. Kwake, fundi akiondoa mashine ya zamani na kuweka mpya ya betri, akabadilisha kioo na kuing'arisha, hakuna kilichoharibika. Wa pili anaitaka saa kama mzee alivyoiacha, pamoja na uso wake uliofifia na ule mkwaruzo wa kioo ulioingia siku mzee alipokuwa akipakia mahindi. Kazi ile ile iliyomfurahisha ndugu yake ingekuwa msiba kwake. Fundi naye hawezi kuujua moyo wa mteja. Asipoambiwa, atafanya kile ambacho wateja wengi hukitaka, yaani saa itembee na ing'ae, na atafanya hivyo kwa nia njema kabisa. Migogoro mingi ya aina hii haihitaji tapeli ili itokee. Inatosha mteja kunyamaza na fundi kukisia.

Jambo la pili ni kuifahamu saa yenyewe, japo kwa juujuu, maana asiyejua ana saa ya aina gani hawezi kujua anauziwa nini. Saa za mkononi ziko za aina tatu kuu. Ipo ya kutia ufunguo kwa vidole kila siku. Ipo ya otomatiki, ambayo ndani yake mna chuma kizito kinachozunguka mkono unapotikisika na kuikaza springi. Seiko 5, ambazo wazee wengi wa nchi hii walizivaa kwa fahari, ni za aina hii. Na ipo ya betri, ambayo ndani yake mna kipande kidogo cha jiwe la kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na kwa mtetemo huo saa hujua sekunde imetimia.

Saa ya betri ikisimama, mara nyingi kilichokwisha ni betri tu. Hata hivyo msiiache kabatini miezi na miaka ikiwa na betri iliyokufa, kwa kuwa betri ya zamani huvuja, na majimaji yake huila mashine. Betri iliyobadilishwa mapema huokoa saa ambayo baadaye ingehitaji mashine nzima. Saa ya springi ni habari nyingine. Ndani yake mna magurudumu madogo yanayokaa juu ya matone ya mafuta ambayo jicho tupu halioni. Mafuta hayo hukauka kwa miaka, na saa ikiendelea kutembea ikiwa kavu, chuma hukila chuma. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi hushauri saa ya namna hii ifunguliwe na kusafishwa kila baada ya miaka mitatu hadi mitano au zaidi kidogo, hata kama bado inatembea. Vumbi la kiangazi, ambalo hapa Iringa hamhitaji kuelezwa, huingia kupitia kifundo cha pembeni pale mpira wake wa kuzuia maji unapochakaa. Asubuhi za Juni na Julai nazo zina lao: saa iliyoingiwa na unyevu huonyesha ukungu chini ya kioo inapopambana na baridi. Ukiuona ukungu huo, usisubiri ukauke wenyewe. Kutu huanza siku hiyo hiyo.

Hapa tuseme neno kuhusu ugonjwa mmoja ambao wateja hulipishwa fedha nyingi bila sababu. Saa ya springi iliyokuwa ikienda vizuri inaweza kuanza ghafla kukimbia, ikatangulia dakika nyingi kwa siku. Mara nyingi saa ya namna hiyo haijaharibika. Imeingiwa na usumaku kutoka kwenye spika ya redio, kifuniko cha simu chenye sumaku au kitu kingine cha jinsi hiyo. Fundi mwenye kifaa kidogo cha kuondoa usumaku huimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai. Fundi atakayesikia dalili hizo na kukimbilia kusema kwamba mashine nzima imekufa, ama hajui kazi yake, ama anaijua kupita kiasi.

Basi saa ipelekwe wapi? Kwa mkazi wa Iringa njia ni chache, na kila moja ina uzuri na hatari yake.

Iliyo karibu ni ya fundi saa wa mtaani, yule mwenye meza ndogo na sanduku la kioo jirani na Soko Kuu, au kwenye baraza la duka katika mitaa ya Uhindini. Tumesikia watu wakimdharau kwa sababu hana ofisi. Sisi hatumdharau. Ufundi wa saa za springi katika nchi yetu haukuhifadhiwa na maduka yenye viyoyozi. Umehifadhiwa kwa kiasi kikubwa na mafundi wa barazani waliojifunza kwa kukaa miaka kando ya fundi mwingine. Mzee ambaye amezifungua saa za otomatiki kwa miaka 30 huenda akaijua saa ya baba yako kuliko kijana wa duka kubwa ambaye kazi yake ni kubadilisha betri na kukata mikanda. Meza si kipimo cha ufundi, wala kioo cha duka si kipimo cha uaminifu.

Kipimo ni namna anavyofanya kazi, nayo inaonekana. Mkae karibu naye kwa robo saa kabla ya kutoa saa yenu mfukoni, mtazame anavyohudumia wengine. Je, anafungua mgongo wa saa kwa kifaa chake, au kwa ncha ya kisu? Je, sehemu alizozifungua anazifunika kwa kibakuli au kifuniko cha kioo, au zimeachwa wazi vumbi la barabarani lizikute? Je, anazishika kwa kibano, au kwa vidole vyenye jasho? Chumvi ya kidole huacha alama juu ya chuma na alama hiyo hugeuka kutu. Kisha muulizeni saa inasafishwaje. Kusafisha saa ya springi kikweli ni kuifungua yote, kuosha kila sehemu, kuiunga upya na kuitia mafuta mahali panapostahili kwa kiasi kinachostahili. Ni kazi ya saa kadhaa. Kuichovya mashine nzima kwenye petroli bila kuifungua na kuirudisha mahali pake ni kuhamisha uchafu tu, na saa huondoka ikitembea vizuri kwa wiki chache kisha hulala. Mkisikia bei ya kusafisha inakaribiana na bei ya kubadilisha betri, jueni ni kazi gani inauzwa.

Kuna jibu moja ambalo sisi tunalithamini kuliko mengine yote, nalo ni "hii siiwezi." Fundi anayeweza kutamka maneno hayo mbele ya mteja mwenye fedha mkononi amekwisha kuwaonyesha tabia yake. Asiyeshindwa na saa yoyote ni wa kuogopwa.

Jambo jingine ambalo watu huona haya kuliuliza: usiku saa zinalala wapi? Fundi wa barazani hufunga jioni. Wapo wanaobeba saa za wateja nyumbani kwenye begi, wapo wanaoziacha kwenye kabati la duka la jirani, na wapo wanaozifungia ndani ya meza ile ile kwa kufuli dogo. Saa yenu ikikaa kwake siku kumi, italala huko usiku kumi. Ulizeni bila kuona haya. Fundi mzuri hatachukia, kwani hata yeye analifikiria jambo hilo kila jioni.

Njia ya pili ni duka la saa mjini. Uzuri wake ni kwamba lina anwani, leseni ya biashara na risiti ya EFD, na mtu huyo mtamkuta kesho. Lakini maduka mengi hayatengenezi saa za springi yenyewe. Huzipokea na kuzipeleka kwa fundi mwingine, wakati mwingine yule yule wa barazani mliyempita mkija. Hilo si kosa, ila mnayo haki ya kulijua. Muulizeni mwenye duka waziwazi ni nani atakayeifungua saa, na mkubaliane kwa maandishi kwamba yeye aliyeipokea ndiye atakayeijibia. Msikubali kuambiwa baadaye, "Tatizo ni la fundi wangu." Nyinyi hamkumkabidhi fundi wake.

Njia ya tatu ni kuipeleka mbali: Mbeya, au Dar es Salaam ambako ni takriban kilomita 500 kutoka hapa, ama hata nje ya nchi kwa mtengenezaji mwenyewe. Watu hudhani mbali ni salama zaidi. Inategemea. Ikiwa saa inahitaji kipuri ambacho hakipatikani kwingine, au ikiwa ni ya thamani kubwa sokoni pia, safari inaweza kuwa na maana. Lakini kila mkono unaoongezeka kati yako na fundi ni mahali pengine pa kupotea. Saa iliyofungwa kwenye bahasha ya khaki na kukabidhiwa kondakta kwa maneno ya "utampa jamaa atakayekuja Ubungo" imesafiri bila ulinzi wowote. Itumeni kwa mtoa huduma wa vifurushi mwenye leseni ya TCRA au kwa Shirika la Posta, mwandikishe kuwa ni saa na thamani yake, mpewe risiti yenye namba, na muulize kabla, si baada, ni kiasi gani watalipa kikipotea. Wengi wanaosafirisha vifurushi huweka ukomo wa fidia, na ukomo huo huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya risiti. Saa ifungwe kwa kitambaa laini ndani ya kasha gumu lisilobonyea, kifundo cha pembeni kikiwa kimesukumwa ndani.

Kwa wale wanaofikiria kuituma kwa mtengenezaji au wakala wake, kuna jambo ambalo huwashangaza wengi. Vituo vya namna hiyo hufanya kazi nzuri sana ya kuifanya saa iwe kama mpya, na hapo ndipo penye hatari kwa mwenye saa ya kumbukumbu. Utaratibu wao unaweza kuwa ni kubadilisha akrabu, uso na kioo vilivyochakaa na kuusugua mwili wa saa mpaka ung'ae, na sehemu za zamani zisirudishwe. Msuguo huo unaweza pia kuyala maandishi yaliyochongwa mgongoni. Kama jina la mzee na miaka yake ya utumishi ndivyo vinavyoifanya saa iwe ya thamani kwenu, andikeni kwenye fomu, na si kusema kwa simu tu: isisuguliwe, uso na akrabu visibadilishwe, na kipuri chochote kitakachoondolewa kirudishwe pamoja na saa.

Sasa tuingie kwenye lile ambalo ni kiini cha mada hii, yaani kubadilishiwa sehemu za ndani. Saa ikiwa imefungwa, mteja huona uso, akrabu na mkanda. Mashine haioni. Mwenye nia mbaya anaweza kuitoa mashine nzuri ya zamani, akaiuza au akaitumia kama kipuri cha saa ya mtu mwingine, na kuweka ya bei ndogo inayotembea vizuri. Mteja huondoka akishukuru. Pengine hugundua baada ya miaka, siku fundi mwingine atakapoifungua, na wakati huo hakuna wa kumuuliza.

Kinga yake ni rahisi, na simu zenu ndizo zitakazoifanya kazi hiyo. Mwombeni fundi aufungue mgongo wa saa mbele yenu kabla ya kumwachia. Pigeni picha ya mashine ikiwa ndani, picha ya mgongo kwa ndani na kwa nje, na picha ya uso kwa karibu. Mashine nyingi zimeandikwa namba ya aina yake, na saa nyingi zina namba ya utambulisho mgongoni, inakilini. Kisha fundi aandike, au mwandike nyinyi naye atie sahihi, karatasi yenye tarehe, jina lake, aina ya saa, namba zake, hali yake ilipopokelewa, kazi iliyokubaliwa, bei, na siku ya kuichukua. Si lazima iwe na mhuri. Ukurasa mmoja wa daftari la shule unatosha, na nakala yake ikapigwa picha. Siku ya kuichukua, mwombeni aufungue tena mgongo na mlinganishe na picha. Fundi mwaminifu hatakosa dakika mbili za kufanya hivyo. Naye pia analindwa, maana wapo wateja wanaorudi na kudai saa yao ilikuwa ya dhahabu.

Ongezeni sharti moja: asiongeze kazi wala gharama bila kuwaambia kwanza. Akiifungua na kukuta springi imekatika, apige simu. Vipuri vyovyote vilivyotolewa, hata vikiwa vimevunjika, ni mali yenu na mvidai. Na kama saa ni ya kale sana, yenye rangi inayong'aa gizani, msimruhusu mtu yeyote aikwangue rangi hiyo. Baadhi ya saa zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa rangi yenye radiamu, na unga wake ukivutwa ni hatari kwa fundi kuliko kwa mvaaji.

Mkiipokea, msiifunge kabatini siku hiyo hiyo. Ilinganisheni na simu yenye mtandao, ambayo ni kipimo kizuri zaidi kuliko saa ya mnara wowote, hata ule wa Jamatkhana unaoutambulisha mji wenu. Baada ya saa 24 mlinganishe tena. Saa ya zamani ya springi kukosea sekunde kadhaa, hata nusu dakika, kwa siku ni jambo la kawaida, na msimsumbue fundi kwa hilo. Ikikosea dakika tano, rudini mapema mkiwa na hesabu mkononi: imechelewa kiasi gani, kwa muda gani, ikiwa imevaliwa au imelazwa mezani. Kusema tu "haiendi sawa" hakumsaidii. Msiipeleke kwenye maji pia. Saa ikiandikwa mita 30 mgongoni, maana yake si kwamba mwenyewe anaweza kuzama nayo kina hicho. Ni kipimo cha maabara cha saa mpya, na mipira ya saa ya mzee haikuwa mpya hata mzee alipokuwa hai.

Kuhusu sheria tutasema machache, ila mjue kwamba iko upande wenu. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa na huduma. Anayesema ameweka kipuri halisi ilhali ni cha bandia, au ametengeneza ilhali hakufungua, ameivunja. Vipuri na nyuso za saa zenye nembo za kughushi vinagusa pia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo usimamizi wake uko chini ya Tume. Nayo Sheria ya Mikataba inaitazama saa mliyomwachia fundi kama amana: anapaswa kuitunza kwa uangalifu ule ambao mtu mwenye busara ya kawaida angeutumia kwa mali yake mwenyewe, na asipoirudisha kwa wakati kwa kosa lake, hasara itakayoifika saa baada ya hapo ni juu yake.

Sheria hiyo hiyo inamlinda fundi. Aliyemaliza kazi mliyokubaliana anayo haki ya kuishikilia saa mpaka alipwe ujira wake. Kuishikilia si kuiuza wala kuivaa. Mtakuta pia mabango ukutani yanayosema kwamba saa ikizidi miezi mitatu haitaulizwa. Msipite chini ya bango kama hilo kimya kimya, kwa kuwa ukimya wenu unaweza kutumiwa kama kukubali. Liulizeni, na tarehe yenu halisi iandikwe kwenye ile karatasi. Kisha mwende kuichukua siku hiyo. Tunawaambia haya kwa sababu katika masanduku ya mafundi kuna saa zilizokaa miaka, wenyewe wakiwa wazima wa afya na wanapita hapo kila Jumamosi.

Jambo likiharibika, anzeni na fundi mwenyewe, kwa utulivu, mkiwa na picha na karatasi. Mengi huishia hapo. Likishindikana, ofisi ya mtendaji wa mtaa inaweza kuwakalisha pamoja, na Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya mali na fidia. Palipo na dalili za wizi, nendeni polisi bila kuchelewa. Malalamiko kuhusu udanganyifu wa maelezo au vipuri vya bandia yaletwe kwetu kwa maandishi, yakieleza nani, lini, wapi, mlikubaliana nini na kilichotokea, pamoja na nakala za risiti na picha. Nakala, tafadhali, hati halisi baki nazo wewe mwenyewe.

Tumeona baadhi yenu mmekuja na saa zenu mikononi, na wengine mmezifunga kwenye leso. Sisi si mafundi na hatutazifungua. Lakini yeyote asiyejua yake ni ya springi au ya betri, au aliyeshindwa kuisoma namba ya mgongoni, asogee hapa mbele na simu yake. Tutaipiga picha pamoja na kumwonyesha namna ya kuijaza ile karatasi ya makabidhiano, kisha tutapokea maswali.